Baba Yuko Kivu: Vita Vinavyofika Hadi Kolwezi

Kutoka Kolwezi hadi Goma, huko Kivu Kaskazini, ni zaidi ya kilomita 1,000, hata ukienda kwa ndege. Mlio wa bunduki wa Kivu hausikiki katika mitaa yetu ya Manika wala Dilala. Hata hivyo vita vina njia zake za kuingia nyumbani mwa askari. Mtoto wa miaka minne aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Wa miaka minane anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Msichana wa miaka kumi na minne anageuka mama wa wadogo zake. Dalili hizi zimeonekana katika familia za wanajeshi nchi nyingi, na kwetu hazina budi kuzungumzwa, kwa maana tangu utawala wa kijeshi utangazwe Kivu Kaskazini na Ituri Mei 2021, na zaidi baada ya waasi wa M23 kuteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, wanaume wengi wa jeshi la taifa, FARDC, wako mbali na watoto wao.

Tuanze na mwili. Ubongo unapohisi hatari, huamuru tezi ndogo zilizo juu ya figo zitoe homoni, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Hofu ya muda mfupi haina madhara, kwani ndiyo inayotuokoa. Lakini mtoto mdogo hajui kujituliza mwenyewe. Anatulizwa na mtu mzima anayembeba, anayemwimbia, anayemjibu. Mtu huyo akiwa naye amezidiwa, homoni zile hubaki juu kwa wiki na miezi. Hapo ndipo zinapoanza kuharibu usingizi, kumbukumbu, usikivu darasani na hata kinga ya mwili.

Jambo hili liligunduliwa mapema. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham walilea watoto wa London katika nyumba walizoanzisha kwa ajili yao. Waliona kwamba watoto wengi walistahimili mabomu vizuri wakiwa karibu na mama aliyetulia, na kwamba kutenganishwa na wazazi kuliwaumiza zaidi ya mabomu yenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichunguza kumbukumbu za matibabu za watoto wa wanajeshi wenye umri wa miaka 3 hadi 8. Mzazi alipokuwa vitani, safari za kwenda kutibiwa matatizo ya akili na tabia ziliongezeka kwa asilimia 11. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliowahusu vijana wa miaka 11 hadi 17, uliongeza mambo mawili: kadiri mzazi anavyokaa mbali, ndivyo matatizo yanavyozidi, na hali ya mzazi aliyebaki nyumbani ina uzito mkubwa katika hali ya mtoto.

Itazame jioni moja nyumbani kwa mke wa askari. Umeme umekatika, bukari iko motoni, simu imewekwa dirishani ambako mtandao unashika. Simu inaita. Mama anatoka nje kuzungumza. Anaporudi, mtoto haulizi kitu. Anamkazia macho usoni. Uso ukiwa umelegea, atakula. Ukiwa umekunjamana, atasukuma sahani. Kwake, habari zote za vita zimo katika uso huo.

Kuna pia maumivu ya kutojua. Mtaalamu wa familia Pauline Boss, aliyezichunguza familia za wanajeshi wa Marekani waliopotea Vietnam, alieleza kwamba anayekosekana bila kuthibitika kuwa amekufa huiacha familia katika msiba usio na matanga: haiwezi kulia, haiwezi kuendelea. Jimbo letu la Lualaba linaujua msiba huo. Baada ya kujitenga kwa Katanga kushindwa Januari 1963, askari wengi wa Katanga walivuka kwenda Angola. Baadhi yao na watoto wao walirudi na silaha mwaka 1977 na 1978, Kolwezi yenyewe ikawa uwanja wa vita. Wengine hawakurudi hadi mwaka 1997.

Kwetu kuna mzigo wa ziada: pesa. Kwa miaka mingi mishahara ya askari ilipita mikononi mwa makamanda, na mingine ikaishia humo. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, uliofika mwaka 2005, ulisaidia kuwahesabu askari na kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri. Machi 2025 ilitangazwa kwamba mishahara itaongezwa maradufu. Ni hatua njema, lakini nyongeza haimfikii mtoto hadi mama aishike mkononi. Isipofika, mama anauza makaa au mikate kuanzia alfajiri, na mtoto anavutwa mgodini kuosha mawe. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo.

Hata kurudi kwa baba si mwisho. Mtoto mchanga humwogopa kama mgeni, na kijana aliyekuwa mkubwa wa nyumba hakubali kuamriwa upya. Baba naye huenda amerudi na jinamizi na hasira za ghafla. Wote wanahitaji muda, na baba anahitaji kusikilizwa na mganga wa akili bila kuchekwa.

Mengi yanawezekana bila gharama kubwa. Mtoto aambiwe ukweli unaolingana na umri wake, maana kimya humfanya abuni mabaya zaidi. Saa za kula, kulala na kwenda shule zisibadilike. Mwalimu ajulishwe. Majirani na wamama wa kanisani wamsaidie mama kulea watoto kwa siku moja ili apumzike. Jeshi nalo lilipe sehemu ya mshahara moja kwa moja kwa mke, na liwe na ofisi inayojibu kila mama anayeuliza mumewe yuko wapi. Mshahara unaofika na habari ya kweli ni kinga ya mtoto kama chanjo ilivyo, na taifa linalomtuma baba vitani linadaiwa vyote viwili.