Maua ya Septemba: Tupande Nini, na Lini?

Mwaka jana mwezi wa Septemba nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilimkuta Mama ameketi kando ya barabara, penye kitalu chake cha miche, hapa kwetu Thika. Miche ilikuwa tele, lakini yote ilikuwa kijani kitupu. Magari yalipita tu. Mteja mmoja alisimama, akatazama huku na huku, akauliza, "Mama, na maua yenyewe yako wapi?" Kisha akaenda zake.

Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mteja hununua kwa macho. Nikaamua kuchunguza ni mimea gani inayochanua Septemba, na kwa nini yetu ilikataa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Nilianza kwa kuazima kitabu cha bustani kilichoandikwa Uingereza. Kilisema kwamba kuanzia Septemba mtu achague miti ambayo majani yake hugeuka mekundu na manjano. Nilipomsomea Mama alicheka sana. "Hapa kwetu," akasema, "majani yakigeuka manjano ujue ni kiu."

Kumbe wote wawili walikuwa na haki! Sisi wanachama wa Kiswahili tunajua kwamba vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Lakini wafasiri wengine hulitumia neno hilohilo kwa majira ya Ulaya ambapo majani hupukutika. Hizo ni vuli mbili tofauti kabisa. Kule London, mchana wa Juni hupita saa 16, na wa Desemba ni kama saa 8 tu. Siku zinapofupika na baridi kuingia, miti mingi huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Hapo manjano iliyokuwa imejificha ndani ya jani huonekana, na miti mingine hutengeneza nyekundu pia. Thika iko karibu digrii moja kusini mwa ikweta. Mchana wetu hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Basi miti yetu haina saa ya kuiambia kwamba sasa ni vuli ya Ulaya.

Saa yetu sisi ni mvua na baridi. Juni hadi Agosti kuna mawingu na baridi. Septemba jua hurudi kwa ukali, na mvua bado. Kwa hivyo mmea wa Septemba hauna budi kuvumilia mambo mawili: baridi utotoni na kiu ukubwani. Nimeigawa mimea hiyo katika mafungu manne.

Kwanza ni miti. Mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, nao hufunika barabara zetu kwa zambarau kuanzia Septemba hivi na kuendelea Oktoba. Wa kwetu wenyewe ni mwamba-ngoma, ambao Wakikuyu huuita muhuti na Waluhya murembe. Huu hutoa maua mekundu wakati wa ukavu, aghalabu ukiwa hauna jani hata moja. Hata tawi nene likichomekwa ardhini huweza kuota. Lakini miti haina haraka. Anayepanda leo anawapandia wadogo zake.

Pili ni vichaka, na mkubwa wao ni bogenvilia. Je, wajua kwamba ile rangi yake si petali? Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijidude cheupe kilicho katikati. Hapa ndipo kosa letu lilipokuwa. Mwaka jana nilizimwagilia bogenvilia maji kila jioni, na samadi juu yake. Nilidhani nazitendea wema. Mmea huu ukishiba maji na mbolea hunenepa kwa majani na kusahau kuchanua. Mwaka huu tangu Julai nilizipa maji kidogo tu, udongo ukikauka kabisa. Mama alinikemea, "Wewe kijana, utaniulia mali!" Mwisho wa Agosti zilianza kuwaka, nyekundu na zambarau.

Tatu ni maua ya msimu, yaani zinia, marigoldi na kosmosi. Haya ndiyo ya mwenye haraka na mfuko mwembamba. Mbegu huchukua kama wiki nane hadi kumi kutoa ua, na baridi huzichelewesha. Hesabu basi kurudi nyuma. Ukitaka maua katikati ya Septemba, panda mbegu mwanzoni mwa Julai. Sisi mwaka jana tulipanda Agosti, tukapata maua mwezi wa Oktoba, wakati karo ilikuwa imeshadaiwa na mimi nimeshakosa mtihani mmoja. Mwaka huu nilipanda mara mbili, wiki ya kwanza ya Julai na nyingine wiki mbili baadaye, ndani ya pakiti tupu za maziwa zilizotobolewa chini. Usiku nilizifunika kwa nyasi kavu. Halafu, ua likinyauka likate mara moja. Mmea ukishatoa mbegu huona kazi yake imekwisha. Ukiukata, hujaribu tena.

Nne ni mimea isiyongoja msimu. Akalifa ina majani ya rangi ya shaba na nyekundu mwaka mzima, mradi ipate jua. Mshubiri huweka maji katika majani yake manene, kwa hivyo ukavu hauutishi. Ukitoa maua, ndege aitwaye chozi huja kunywa asali yake. Hiyo nayo ni rangi, tena inaruka.

Hata hivyo, si kila kinachong'aa kinafaa. Olianda hupendeza sana, lakini ni sumu kuanzia mzizi hadi ua. Katika uwanja wa shule au penye watoto, achana nayo. Lantana nayo huenea kama magugu na hudhuru ng'ombe wanaoila. Mama haiuzi hata ukimbembeleza.

Sasa mtauliza, ikawaje? Sitadanganya kwamba tulitajirika. Kuku wa jirani walikula kosmosi zote. Lakini zinia za kwanza ziliisha kabla ya Septemba kwisha, na bogenvilia tano ziliondoka kwa siku moja. Karo ya muhula wa tatu tuliilipa kwa mafungu mawili, na safari hii sikurudishwa nyumbani. Zinia za pili ndizo mlizoziona mbele ya ofisi ya walimu Siku ya Tuzo. Mlidhani zilinunuliwa? La, zilitoka kwenye pakiti za maziwa.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nakubali. Lakini huku kitalu nimejifunza kwamba asiyechagua mbegu na tarehe naye atalima bure. Kile kitanda cha maua kilicho karibu na mlingoti wa bendera bado ni udongo mtupu. Mbegu nimeshakausha, ziko ndani ya bahasha. Wiki ya kwanza ya Julai, baada ya masomo, mwenye jembe na aje nalo.