Santuri Iliyohukumiwa kwa Jalada Lake

Huku kwetu pwani Wataliano si wageni. Malindi wana mahoteli yao na mikahawa yao, na vijana wa pale wengi hukisema Kitaliano kwa ufasaha wa kustaajabisha. Lakini wazee wetu waliwajua Wataliano kwa jambo jingine: mwaka 1940 ndege za Mussolini zilidondosha mabomu mumo humo Malindi. Nimelitanguliza jina hilo makusudi, maana kisa cha leo, ijapokuwa ni cha muziki, kimefungamana nalo.

Katika pwani ya Liguria, karibu na mpaka wa Ufaransa, pana miji miwili jirani. Sanremo yajulikana kwa mashindano yake ya nyimbo yaliyoanza mwaka 1951; Bordighera yajulikana kwa mitende, ambayo makuti yake hupelekewa Papa. Huko ndiko vijana watano walikoungana mapema katika miaka ya 1970, wakajiita Museo Rosenbach. Stefano Galifi, kwa lakabu "Lupo", yaani mbwa mwitu, alikuwa mwimbaji. Enzo Merogno alipiga gita, Pit Corradi vinanda, Alberto Moreno gita la besi, na Giancarlo Golzi ngoma.

Mwaka 1973 kampuni ya Ricordi, jina lile lile lililochapa kazi za Verdi na Puccini, ikawatolea santuri yao, "Zarathustra". Upande mmoja mzima, dakika 20 na ushei, ni utungo mmoja wenye sehemu tano. Sisi tuliolelewa na tenzi hatuoni ajabu utungo kwenda mwendo mrefu. Lakini kwa soko la nyimbo za dakika tatu huo ulikuwa ujasiri. Corradi alikuwa na chombo kiitwacho melotroni. Ukikitazama ni kinanda, lakini ndani yake kila kibonyezo huvuta ukanda wa sauti zilizokwisha kurekodiwa, za fidla au za waimbaji wengi, na ukanda ukifika mwisho baada ya nukta chache sauti hukatika. Mpigaji hana budi kuuachia mapema na kuushika mwingine, kama mpiga mbizi ajuaye pumzi yake. Kutokana na chombo hicho zatoka sauti kama za msiba mkubwa, kisha ngoma za Golzi huingia na kuzitawanya. Mimi si mtu wa roki, na makelele yake mengi yananichosha, lakini hapa niliketi mpaka mwisho.

Na jina je? Zarathustra ndiye mwalimu wa kale wa Uajemi ambaye Majusi wanajinasibu naye, hao Majusi waliotajwa katika Sura ya Hajj. Unguja walikuwako, ndio Maparsi. Na mmoja aliyezaliwa huko mwaka 1946, Farrokh Bulsara, baadaye alivuma dunia nzima kwa jina la Freddie Mercury. Lakini vijana wa Liguria hawakuichota habari yao kwa Maparsi. Waliichota kwa Nietzsche, Mjerumani aliyeandika kitabu chake juu ya Zarathustra baina ya 1883 na 1885, akaleta ndani yake wazo la mtu aliyewapita watu. Waama Muislamu atakuwa na mengi ya kumjibu Nietzsche, ila hapa si mahali pake.

Balaa lilianzia hapo. Manazi walikwisha kulinyakua jina la Nietzsche wakalifanya lao. Jalada la santuri lilikuwa jeusi, na nyeusi ndiyo rangi ya mashati ya mafashisti. Juu ya weusi huo ulichorwa uso uliounganishwa kwa vipande vya picha mbalimbali, na kimoja kati ya vipande hivyo ni sanamu ya kichwa cha Mussolini. Kumbuka siku zenyewe. Disemba 1969 bomu liliua watu 17 katika benki moja ya Milano, na tangu hapo nchi ilikuwa imegawanyika, kushoto na kulia, damu ikimwagika. Vijana wapenda roki wengi walikuwa wa kushoto. Walipoliona jalada, yakawatosha.

Redio ya serikali, RAI, nayo ikawapa kisogo. Usidhani hilo lilikuwa jambo dogo: redio za watu binafsi ziliruhusiwa na Mahakama ya Katiba mwaka 1976 tu. Wanamuziki walieleza kwamba mtu wao aliyewapita watu hakuwa mbabe wa kutawala wenziwe, bali mtu wa kuishi kwa amani na maumbile. Nani atasikiliza maelezo ya mtu ambaye hata wimbo wake hausikilizwi?

Nasema wazi, kuweka sura ile ilikuwa kosa. Mhabeshi aliyekumbuka mwaka 1935 na gesi za sumu asingehitaji maelezo ya mchoraji. Lakini adhabu ilishuka juu ya muziki, na muziki haukuwa na hatia hiyo.

Santuri haikuuzika, kundi likavunjika. Golzi alikwenda kuanzisha kundi la Matia Bazar mwaka 1975, na mwaka 1978 wakashinda Sanremo kwa wimbo mwepesi wa mapenzi.

Wahenga hunena nyota njema huonekana asubuhi. Hii ilionekana usiku, tena kutoka Japani. Wapenzi wa santuri wa huko, watu wasioijua siasa ya Milano, waliitafuta katika miaka ya 1980 kwa sababu ya sauti yake tu. Nakala za mwanzo, zilizokuwa zimekosa mnunuzi, zikawa za kugombaniwa kwa fedha nyingi. Wataliano wenyewe wakageuka kuitazama. Moreno na Golzi walilifufua kundi wakatoa "Exit" mwaka 2000, bila ya Galifi. Kijana mmoja wa kike mpiga vinanda, Elisa Montaldo, akamwendea Galifi, wakaunda kundi huko Genova mwaka 2006 na kulipa jina la sehemu ya tano ya utungo ule: Il Tempio delle Clessidre, hekalu la saa za mchanga. Mwaka 2013 Galifi alikuwa amerudi kwa wenzake wa kale, wakatoa "Barbarica". Golzi alifariki Agosti 2015.

"Zarathustra" imechapwa upya mara nyingi. Jalada ni lile lile la 1973, jeusi, na Mussolini bado yumo, kipande kimoja kati ya vingi.