Klabu za Wanafunzi (2): Chapa, Jina na Namna ya Kuvuta Wanachama Wapya

Klabu ya wanafunzi hupoteza watu wake kwa ratiba. Kila mwaka kundi zima humaliza masomo na kuondoka na uzoefu wake, na mara nyingi katibu mwenye daftari na muhuri huwa miongoni mwao. Ndiyo maana kujitangaza ni kazi ya kila mwaka. Klabu inayoiacha miaka miwili mfululizo hubaki jina tu kwenye orodha ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Viongozi wengi wa klabu huanza na nembo. Hapo wanakosea mpangilio, kwa sababu chapa ya klabu ni picha iliyomo kichwani mwa mtu ambaye bado hajajiunga, na picha hiyo hujengwa na kazi anayoiona. Mfano mmoja uko Mlimani, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwaka 1967 wanafunzi waliunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi cha USARF, Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, akiwa mwenyekiti. Mwanafunzi mgeni hakuhitaji kuelezwa chama hicho ni cha nini. Kulikuwa na madarasa ya itikadi kila Jumapili, wakati wengine wako kanisani. Baadhi ya wanachama walikwenda kaskazini mwa Msumbiji kujionea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa nchi hiyo. Tangu mwaka 1969 kulikuwa pia na jarida, Cheche, lililoandikwa na kuhaririwa na wanafunzi wenyewe. Aliyependa siasa alijua pa kwenda, na asiyezipenda alijua pa kupita mbali. Chapa nzuri hufanya yote mawili.

Jarida hilohilo linafundisha jambo la pili, nalo ni uzito wa jina. Novemba 1970 serikali ilipiga marufuku USARF na Cheche, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba jina la jarida lilifuata Iskra, yaani “cheche” kwa Kirusi, gazeti la Lenin. Wanafunzi wa Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, wakaanzisha jarida jingine, wakaliita MajiMaji, kwa kumbukumbu ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vya 1905 hadi 1907. Hakuna aliyeweza kusema jina hilo limetoka nje. Jina la klabu husomwa na wanafunzi, lakini husomwa pia na mkuu wa shule, wazazi na serikali. Ni busara kulijaribu kwa wote kabla ya kulichapa kwenye fulana. Vifupisho vya herufi saba navyo vina tabu yake: mgeni hasemi asichoweza kukitamka, na klabu isiyotamkwa haisambai kwa mdomo.

Nembo haihitaji maneno mengi. Rangi mbili zinatosha, na mchoro uwe unaosomeka hata ukitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, maana huko ndiko matangazo mengi ya shule huishia.

Kinachomfanya mtu atoe ada ni faida anayoweza kuitaja kwa rafiki yake. Klabu za wanyamapori za Kenya, zilizoanza mwaka 1968 na kuenea katika shule nyingi, zilijenga jina kwa mambo ya namna hiyo: safari za hifadhini, hosteli za bei nafuu kama ile ya Nakuru, na jarida lao, Komba. Klabu ya mdahalo ya shule ya kata haina hosteli, lakini inaweza kumpa mwanachama nafasi ya kusimama mbele ya watu na kuzungumza kila mwezi, na hilo lina thamani kwa kijana anayeogopa usaili. Tatizo ni kwamba matangazo mengi hayasemi hivyo. Huandika “Karibuni wote”, kisha orodha ya viongozi na vyeo vyao.

Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo ndiyo yenye mavuno, kwani mgeni bado hana kundi. Meza ya klabu iwe na kitu cha kufanya: klabu ya sayansi iwashe taa ndogo ya LED kwa malimau kadhaa, misumari yenye zinki na vipande vya shaba, klabu ya Kiswahili iendeshe shindano la mafumbo. Anayekaa mezani awe mwanafunzi wa mwaka wa pili, mchangamfu, hata kama hana cheo. Mwenyekiti wa mwaka wa tatu aliyevaa tai huwatisha watu bila kukusudia.

Baada ya hapo huja hatua inayosahaulika kuliko zote. Majina mia huandikwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, kisha kimya cha wiki tatu kwa kuwa katiba inasubiri saini ya mlezi. Mgeni akifika mkutano wa kwanza akakuta ajenda ni uchaguzi na mapato, harudi tena. Mkutano huo ufanyike ndani ya siku saba, uwe na shughuli halisi ya klabu, na kila mgeni atoke na kazi ndogo: kuchora bango, kuazima spika, kuandika muhtasari. Mwenye kazi hurudi kuikabidhi.

Mwalimu mlezi anayetaka kujua kama matangazo yamefanikiwa asihesabu majina yaliyoandikwa mezani wiki ya kwanza. Ahesabu waliofika mkutano wa tatu.