Programu ya Simu Inaanzia kwenye Daftari

Ukisikia "kutengeneza programu ya simu" unafikiria nini? Wengi wetu tunadhani hiyo ni kazi ya mtaalamu wa Dar es Salaam mwenye kompyuta ya bei mbaya. Si kweli! Mwanafunzi wa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kuanza leo hii. Kwanza hahitaji simu wala bando. Anahitaji daftari, penseli na tatizo la kweli.

Tatizo lenyewe ni lipi?

Hapa kwetu Mara lipo moja tunalolijua sote: ukeketaji. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini likizo ya Desemba ikifika, wapo wanaolazimika kukimbia nyumbani.

Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama za kuwapokea wasichana hao Mugumu na Butiama. Kikwazo kimoja kilikuwa ramani. Msichana anaomba msaada, lakini kijiji chake hakionekani kwenye ramani yoyote! Ndiyo maana tangu 2015 watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania kwenye ramani ya OpenStreetMap. Umeona? Kazi yote hiyo ilianza na swali dogo: "Yuko wapi?"

Sasa tuseme na wewe unataka programu ya kumsaidia msichana kupata msaada haraka. Fanya hivi.

1. Chora

Kila ukurasa wa daftari uwe skrini moja. Wa kwanza una kitufe kikubwa: "Nahitaji msaada". Wa pili una orodha ya vijiji. Wa tatu unaonyesha mahali pa kwenda na namba ya kupiga. Huu ndio mfano wa awali. Ukikosea, unafuta kwa raba, basi.

2. Jaribu

Mpe daftari mtu ambaye hukuchora naye. Abonyeze kwa kidole, wewe umfungulie ukurasa unaofuata. Usimwambie "bonyeza pale". Funga mdomo, tazama! Akisita, kosa ni la mchoro, si lake. Rekebisha, kisha jaribu kwa mwingine.

3. Jenga

Mchoro ukieleweka, nenda kwenye kompyuta yenye intaneti. Ipo huduma ya bure inayoitwa MIT App Inventor. Google waliitoa mwaka 2010, baadaye ikahamia chuo cha MIT cha Marekani. Huandiki maneno magumu. Unaunganisha vipande vya rangi, kila kipande kikiwa na amri yake. Unaweza kuona kazi yako papo hapo kwenye simu ya Android kwa kutumia programu ya MIT AI2 Companion. Jaribu tena: Mtu asipochagua kijiji, inakuwaje? Mtandao ukikatika je?

4. Hifadhi

Programu ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kama ubao wa darasani: ukifunga programu, yote yanafutika. Ya pili ni kama daftari: ukifungua kesho, unayakuta. Kwenye App Inventor daftari hilo linaitwa TinyDB. Kila taarifa unaipa jina, kwa mfano "kijiji", na siku nyingine unaiita kwa jina hilo hilo. Jaribu hivi: hifadhi, funga, fungua tena. Ipo? Poa!

Lakini hapo hapo jiulize: nani mwingine ataisoma?

Simu nyingi vijijini ni za familia nzima. Msichana anaazima simu ya mjomba, anaandika jina lake na kwamba anataka kukimbia. Programu inahifadhi. Jioni mjomba anaifungua... Programu iliyotengenezwa kumwokoa imemsaliti!

Kwa hiyo hifadhi taarifa za msaada, usihifadhi siri za msichana. Orodha ya vijiji, mahali pa kwenda na namba za simu zibaki, maana zitafaa hata pasipo na mtandao. Jina lake, umri wake na alichoomba visibaki. Na mkumbushe kuwa namba aliyopiga huonekana kwenye simu, aifute. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zilindwe.

Kumbuka: usihifadhi kitu ambacho usingependa kisomwe kwa sauti sebuleni kwenu.

Na kama wewe mwenyewe, dada, uko hatarini, usingoje programu. Piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, au mwone mwalimu unayemwamini, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Nanyi kaka zetu, mkisikia mipango hiyo nyumbani, msinyamaze. Namba ni hiyo hiyo!