Manono: ramani ya ardhi ichorwe na wakaaji kabla mgodi haujaanza kupanuka

Mtu anayefika Manono, jimboni Tanganyika, anaona kwanza vilima vyeupe vya changarawe na mashimo makubwa yaliyojaa maji. Vilima hivyo vimetokana na mabaki ya mawe yaliyotupwa na Géomines, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba bati hapa wakati wa ukoloni, na baadaye Zaïre-Étain. Kazi kubwa ilisimama katika miaka ya 1980. Kampuni ziliondoka, na wakaaji ndio walioachiwa kuishi na mashimo hayo.

Sasa dunia inaitazama tena Manono, mara hii kwa ajili ya litiumu, madini ya kutengeneza betri za magari ya umeme. Tangu 2023 sehemu ya kaskazini-mashariki ya eneo hilo iko mikononi mwa Manono Lithium, kampuni ya Zijin ya China pamoja na Cominière ya serikali. Sehemu nyingine imebaki katika mabishano makali na kampuni AVZ ya Australia, mabishano yaliyofika hadi kwenye mahakama za usuluhishi za kimataifa.

Mabishano hayo yanahusu nani ana kibali. Swali la mkaaji ni lingine: shamba langu la muhogo na karanga litakuwa wapi? Maji ya mto Lukushi yatabaki safi? Wachimbaji wa mikono wanaotafuta kasiterite na koltani kwenye mabaki ya zamani wataenda wapi? Msitu wa kukata kuni na kuchoma makala utakuwa upande gani?

Sheria inawapa wakaaji nafasi ya kuuliza maswali hayo mapema. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu ulinzi wa mazingira inasema kwamba raia wana haki ya kushiriki tangu mwanzo hadi mwisho katika maamuzi yanayogusa mazingira yao, pamoja na maamuzi ya mpango wa matumizi ya ardhi. Inataka pia kila mradi unaoweza kudhuru mazingira utanguliwe na uchunguzi wa wazi mbele ya raia. Uchunguzi huo una kazi tatu: kuwapa wakaaji habari, kujua nani ana haki gani juu ya eneo hilo, na kukusanya maoni na mapendekezo yao, hata yale yanayopinga mradi.

Kwenye kazi hiyo ya pili ndipo wengi wanashindwa. Wakati maofisa wanapouliza nani anatumia ardhi, familia nyingi hazina karatasi ya kuonyesha. Sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na ardhi inayotumiwa kwa desturi iliachwa ingojee agizo la rais, agizo lililongojewa kwa miongo mingi. Mkulima anajua mpaka wake kwa mti na kijito. Mti ukikatwa, ushahidi wake umekwenda.

Kwa hiyo ramani ya kijiji inasaidia. Haichukui nafasi ya hati ya ardhi, lakini inaonyesha mambo yalivyokuwa kabla ya mashine kufika. Kazi yenyewe haihitaji wataalamu wengi: watu wanatembea mipaka pamoja, wanaandika mashamba, visima, makaburi, njia na mahali samaki wanapozalia, kisha wanakubaliana mbele ya chifu na kutia sahihi. Nakala moja inabaki kijijini, nyingine inapelekwa kwa msimamizi wa wilaya na kwa idara ya mazingira. Wanawake wasiachwe nyuma, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaojua chemchemi gani inakauka wakati wa kiangazi.

Manono ina sababu nyingine ya kufanya kazi hii kwa uangalifu. Kati ya 2013 na 2017 vita kati ya Batwa na Baluba viliua watu na kuchoma vijiji katika jimbo hili. Ramani iliyochorwa na upande mmoja inaweza kuamsha ugomvi huo. Mahali panapotumiwa na wote wawili paandikwe hivyo, kuwa pa pamoja. Sheria ya 15 Julai 2022 inayolinda haki za Wapigmi inawapa Batwa nguvu ya kudai nafasi yao mezani.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ina mfano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji uwezo wa kusimamia ardhi yake. Wilayani Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kulinda malisho ya pamoja, yakaitwa Olengapa kwa kuunganisha majina yao.

Fedha pia zinategemea mpango. Kodi ya madini inayolipwa na mgodi inagawanywa, na asilimia 15 ni ya mamlaka za chini mahali mgodi ulipo. Kampuni inatakiwa pia kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kusaini na wakaaji daftari la masharti, ambalo wengi wanaliita kwa Kifaransa cahier des charges. Lakini daftari lisilo na ramani nyuma yake linaweza kujenga shule mahali ambapo mgodi utapanuka kesho, au kuchimba kisima kando ya bwawa la takataka za mgodi.

Wazee wa Manono waliona mgodi wa kwanza ukifika na kuondoka. Wajukuu wao wana nafasi ya kuonyesha mipaka yao kabla ya shimo jipya kuchimbwa, na nafasi hiyo haitangoja sana.