Sheria iko kwenye telefone, lakini ni ya mwaka gani?

Bandugu wa asosiasio, miye si avoka. Nilisoma agronomia, kazi yangu ni mahindi, mbolea na udongo. Lakini hapa Panda, ukifanya kazi ya mashamba, siku moja utagongana na sheria ya migodi, upende ao usipende.

Mwaka uliopita jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuta barabara ya kampuni ya migodi imepita katikati ya shamba lake. Aliniomba nimuhesabie mimea iliyoharibika. Nikahesabu. Halafu nikajiona mwerevu: nikafungua telefone, nikatafuta « Code minier », nikachukua PDF ya kwanza iliyotokea, nikaenda kwa wale wa fotokopi wakanitolea kurasa zote. Kwenye mkutano, avoka wa kampuni aliangalia ukurasa wa kwanza tu. Akasema kwa adabu: « Enjinia, hii ni ya 2002. Ilishabadilishwa. » Mkutano ukaahirishwa. Mama alinitazama, sikuwa na la kusema.

Avoka alisema kweli. Kode ya Migodi ni sheria n° 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002, lakini sheria n° 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 iliibadilisha sehemu nyingi. Na si mabadiliko ya koma. Kuanzia 2018, kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji wanaoguswa na mradi. Kwenye PDF yangu ya 2002 hautaona ile 0,3, hata ukikesha. Tena Règlement minier ya 2018 iko na Annexe XVIII, ambayo kazi yake ni moja: namna ya kuhamisha watu, kuwalipa na kuwapa makao mapya. Ndiyo karatasi tuliyokosa siku ile.

Basi nikaenda kumuuliza rafiki avoka: ninyi munatafuta wapi? Jibu lake la kwanza lilikuwa Leganet.cd. Ni bure, sheria za Kongo zimepangwa kufuatana na mambo yake, na hukumu za mahakama ziko pia. Lakini akaniambia: ukipata sheria, usifunge telefone. Soma tarehe, kisha tafuta kama kuna nyingine iliyokuja nyuma yake. Mwisho wa yote ni Journal Officiel, juu ndimo sheria inachapwa. Kwa wenzangu wa kilimo, kuna FAOLEX ya FAO: ardhi, maji, mbegu, misitu, inchi kwa inchi.

Ile iliyonishangaza zaidi ni ramani ya Cadastre minier, CAMI. Unaifungua kwenye intaneti, unakaribia mahali penu, unaona vipande vya permi: namba yake, mwenyewe ni nani, itaisha siku gani. Nilitafuta eneo la shamba la mama. Kumbe tulikuwa tunajua jina la kampuni iliyoleta mashine, hatukujua kama ndiyo yenye permi. Permi ikiwa ya mtu mwingine, barua inaandikwa kwa nani? Hapo ndipo ramani inaokoa pesa ya safari. Kama unataka kontra zenyewe, ResourceContracts.org na Congomines wameweka nyingi, zetu za Katanga zimo. Zinachosha kusoma, nawaambia kweli.

Jambo lingine, kwa wale wenye koperative. Inchi yetu iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na OHADA iko na sheria yake ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Kuna aina mbili: ile nyepesi inataka watu 5 kwa uchache, ile yenye baraza la usimamizi inataka 15. Iko bure kwenye Ohada.com. Juzi tu nimeona kundi la wakulima wanaojiita koperative, lakini karatasi zao zote ni za ASBL. Siku watakapotaka kugawana faida, itakuwa vita.

Telefone hailete avoka mahakamani, lakini. Sheria inataka kila baro iwe na biro ya konsultasio ya bure kwa wasio na uwezo. Ukienda kule na namba ya permi, tarehe na artikle mkononi, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kuna moja ambalo sijapata kwenye tovuti yoyote kati ya hizi: Kiswahili. Na katiba, artikle 142, inasema Serikali itasambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha zetu nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa.

Mbele ya mkutano wa pili nilikaa na mama chini ya muembe, namutafsiria artikle 281, mustari kwa mustari, safari hii ile yenyewe ya sasa. Tulipofika kwa neno « indemnité » akanisimamisha.

« Mwanangu, hiyo ni malipo, ao ni pole? »

« Ni malipo, mama. »

« Basi andika hesabu ya mihogo pia. Uliisahau. »