Huna oveni? Oka pai ya embe kwa sufuria

Ukipita Wote au Kitui mjini mwezi wa Januari utanielewa: maembe yamejaa hadi yanaoza chini ya miti. Broka akija, anakutajia bei ya kukuliza. Kiwanda cha Kalamba, Makueni, husaga maembe kuwa rojo, sawa, lakini ule mwembe mmoja wa uani kwenu nani atakuja kuuchuma?

Mimi niliacha chuo karo iliponilemea, nikarudi kwa mama sina mbele wala nyuma. Nikaanza kuoka.

Sikia basi. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, robo tatu kikombe cha majarini baridi na chumvi kidogo. Fikicha hadi uwe chengachenga, kisha ushikanishe kwa maji baridi. Usikande sana, utakuwa mgumu kama chapati ya jana. Mayai hayahitajiki. Kata maembe yaliyoiva ila bado magumu, changanya na sukari, ndimu na kijiko cha unga. Embe lililolegea litalowesha pai.

Oveni? Pasha mchanga ndani ya sufuria kubwa, weka pai kwenye sufuria ndogo juu yake, funika, panga makaa machache juu ya kifuniko. Dakika 40 hivi, ikiwa kahawia, epua.

Yangu ya kwanza iliungua chini. Ya tano mama aliwaandalia wageni bila kusema nani kaoka. Alipowaambia, siku hiyo hakuna aliyeniuliza habari za chuo. Waliuliza kama imebaki.